Fundi Umeme wa Wodi ya Wazazi

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu utadhani wanagawa bure. Mafundi rangi, mafundi bomba, wenye nyumba wanaobishania bei, kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza. Katikati ya zogo hilo kijana mmoja mtanashati, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alikuwa ameinama akichagua balbu ya chumbani kwake. Mara akahisi kitu cha baridi kikimchoma ubavuni.

"Samahani, kaka! Chuma hakina macho."

Akageuka. Lo! Mbele yake alisimama dada aliyebeba bomba la chuma begani, ovaroli la buluu limepauka magotini, kilemba cha njano kichwani, hereni za fedha zikichezacheza. Alikuwa anacheka hata kabla hajajua kama ameumiza mtu.

"Chuma hakina, lakini mwenye chuma anayo, tena mazuri," kijana akajikuta amebwatuka. Masikio yakamwaka moto. Hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo hata kidogo.

"Ehe! Anasifia huku anavuja damu!"

"Navuja damu?"

"Nakutania. Hebu shika upande huo, nisaidie kulifikisha nje."

Walipofika nje dada akamtazama mikono, akaigeuza bila hata kuomba ruhusa. "Mikono laini hii! Unafanya kazi gani wewe?"

Hapo sasa. Wacha niwaambie ukweli mapema, msije mkanilaumu: kijana huyu alikuwa mkunga. Mwanamume, ndiyo, mkunga wa wodi ya wazazi, aliyesomea akafaulu, na akina mama walimwita Taratibu kwa sababu ya neno lisilomtoka mdomoni: "Taratibu, mama, taratibu." Kazi yake aliipenda mno. Kila mtoto alipotoa kilio cha kwanza, yeye alijisikia kama ndiye aliyezaliwa. Lakini kazi hiyo hiyo ilishamponza kwa wachumba wawili. Wa kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kupokea simu. Wa pili alijikaza, ila mjomba wake akauliza mbele za watu kama kazi za wanaume zimekwisha duniani. Sasa huyu wa hereni za fedha, jamani, huyu hakutaka kabisa kumkosa. Akameza mate.

"Fundi umeme," akasema. "Wa hospitali."

"Aa, sawa. Mimi nachomelea mageti. Mtaa mzima wananiita Cheche. Toa simu, andika namba."

Mnaona ujinga huo? Kumficha mchomeleaji wa kike kwamba wewe ni mkunga wa kiume ni sawa na kumficha samaki kwamba unajua kuogelea. Lakini mtu aliyekwisha kuchekwa mara mbili, akili yake huruka upande.

Mapenzi yakapamba moto. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umeamkaje, fundi wangu?"

"Nimeamka nikikuwaza wewe."

"Muongo mkubwa! Umeamka ukiwaza chai."

Siku moja kijana alipokea simu ya Cheche akiwa kazini, na nyuma yake mama mmoja akapiga ukelele wa kutikisa madirisha.

"Nani huyo?" Cheche akashtuka.

"Transfoma. Imezidiwa."

"Transfoma inasema 'mama yangu nakufa'?"

"Aa, hiyo... hiyo redio ya mlinzi. Mchezo wa kuigiza." Kijasho chembamba kilimtiririka mpaka kwenye soksi.

Jioni nyingine akamwimbia wimbo alioutunga mwenyewe, kwa sauti ya chini, ameegemea dirisha la chumba chake: *Taratibu, ua langu, kilima kina kilele, vuta pumzi, shusha pumzi, mimi nipo, niko mbele.*

Cheche akaguna upande wa pili wa simu. "Mzuri jamani. Ila mbona wimbo wa mapenzi una mambo ya pumzi?"

"Kwa sababu nikikuona zinaniishia."

"Wee! Umemtungia nani?"

"Wewe peke yako. Haki ya Mungu."

Mambo yaliharibika siku Cheche aliponunua mashine mpya ya kuchomelea. "Mpenzi, njoo unifungie hii, mimi na nyaya hatuelewani." Kijana akasingizia kichwa, akasingizia zamu, mwishowe visingizio vikamwishia. Akaenda karakanani, akachuchumaa, akaunga waya wa kahawia na ule ambao rangi yake ilimpendeza zaidi, akawasha. Paa! Moshi ukapanda, na karakana zote za mstari ule zikazimika. Mafundi wakaanza kupiga kelele kila upande.

Cheche akashika kiuno. "Wewe ni fundi umeme wa hospitali gani? Wagonjwa wenu bado wako hai?"

Kabla hajajibu, dada yake Cheche, mjamzito wa kulea tumbo kwa mikono miwili, aliyekuwa ameketi kwenye benchi baada ya kuleta chakula cha mchana, akaguna. "Jamani... chupa imepasuka."

"Chupa ipi tena?" Cheche akaangaza chini ya meza.

"Ya uzazi, we mjinga!"

Hapo ndipo kijana alipobadilika. Mikono iliyokuwa ikibabaika kwenye nyaya ikatulia. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya upole. "Dada, nitazame mimi. Uchungu ulianza saa ngapi? Vizuri. Mtoto wa ngapi huyu? Vizuri sana. Cheche, ita teksi. Muda wa kufika hospitali tunao, wa kubishana hatuna." Cheche akatii kabla hajajiuliza anatii kwa nini.

Langoni muuguzi akawapokea kwa bashasha. "Taratibu! Si leo umepumzika, mkunga wetu?"

"Mkunga?" Cheche akauliza.

"Nitakueleza," akasema, tayari anakunja mikono ya shati kwenda kunawa.

Cheche akabaki kwenye korido, mkoba wa dada yake kifuani. Na niseme tu, kusikia kwamba mpenzi wake ni mkunga kulimshangaza, hakukumuudhi. Alisikia anavyomtuliza dada yake, anavyomsifia, anavyomtania katikati ya maumivu, akajikuta anatabasamu peke yake. Kisha nyuma ya pazia ukaanza wimbo. *Taratibu, ua langu, kilima kina kilele...* Wimbo wake! Neno kwa neno! Na balaa zaidi, mama wa kitanda cha pili akaitikia, tena anaujua wote.

Mtoto akazaliwa, wa kike, ana mapafu kama tarumbeta. Cheche akambusu dada yake, akambeba mpwa wake, akalia kidogo. Alipompita kijana mlangoni uso ulikuwa mkavu.

"Hongera kwa kazi," akasema. "Usinipigie."

Kijana akasikia hayo mawili tu, akayajumlisha na ya zamani. Akajua basi, ni kazi yake tena. Wiki nzima simu zake hazikupokelewa. Baba yake mdogo, mwenye ghala la saruji, miaka yote alikuwa akimwambia aje akae ofisini kama wanaume wenzake. Safari hii akakubali. Akamfuata sista mkuu wa wodi, akamwambia anaacha kazi. Sista mkuu akamtazama juu ya miwani. "Nimekusikia," akasema, akaendelea na shughuli zake.

Kesho yake akatokea karakanani na suti ya kijivu na tai iliyomkaba. Cheche alikuwa akichomelea geti. Akazima mashine, akainua kofia ya chuma usoni.

"Nimeacha," kijana akasema, kifua mbele.

"Umeacha nini?"

"Ukunga. Kwa ajili yako. Nitakaa ofisini kwa baba mdogo."

Cheche akaitupa glavu chini. "Nani alikuomba? Mimi nilipoanza kushika chuma mama yangu alilia kama amefiwa. Aliyekuwa mchumba wangu akaniambia nichague, yeye au vyuma. Na vyuma ndivyo hivi hapa! Leo unaniletea tai, unaniambia mimi ndiye niliyekutoa kwenye kitu unachokipenda? Nisibebeshwe mzigo huo!"

"Sasa ulikasirika nini?"

"Wimbo wangu!" Sauti ikamkatika. "Uliapa ni wangu peke yangu. Kumbe wodi nzima wanaitikia!"

Kijana akaduwaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia la saruji mgongoni. "Cheche, mpenzi wangu, nisikilize. Ni wako. Niliutunga nikikuwaza, ukanikaa kichwani, siku moja ukanitoka mdomoni nikiwa kazini. Mama akapumua nao vizuri ajabu. Ningefanyaje, ningemnyima? Uongo niliokuambia ni wa umeme. Huo nilikuambia kwa kuogopa utanicheka, na ninakuomba radhi. Lakini kila wanapouimba, wanakuimba wewe."

Cheche akafuta jicho kwa mkono, akajipaka masizi shavuni. "Hata yule wa kitanda cha pili?"

"Huyo nimeshamzalisha mara mbili. Ana haki zake."

Kicheko kikamponyoka Cheche, akajaribu kukirudisha, kikakataa. "Imba sasa hivi. Hapa hapa."

Akaimba, na suti yake, mbele ya mafundi wote wa mstari ule. Wakampigia mbinja, wakamgongea mabati. Alipomaliza Cheche akamvua tai. "Nenda karudishe kazi yako. Ukishaipata, Jumapili uje nyumbani kwa baba."

Sista mkuu akamjibu bila kuinua kichwa: "Kazi ipi? Mimi nilisema nimekusikia, sikusema nimekukubalia. Nenda kanawe mikono."

Jumapili sebuleni kwa baba yake Cheche makochi yalijaa wajomba. Shangazi alikaa mlangoni asipitwe na neno. Cheche alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, ameketi kando ya dada yake na kichanga. Mzee, dereva wa malori mstaafu mwenye sauti ya honi, akamkazia kijana macho.

"Haya. Wewe unafanya kazi gani?"

Wajomba wakasogea mbele kwenye makochi. Kijana angeweza kusema "hospitalini" akaishia hapo, watu wakajazia wenyewe. Akamtazama Cheche. Cheche akamtazama, hakumsaidia hata kwa kope. Akapiga moyo konde.

"Mimi ni mkunga, mzee. Nazalisha akina mama. Ndiyo kazi yangu, naipenda, na sina mpango wa kuiacha."

Mjomba mmoja akakohoa. Mzee akaegemea kochi taratibu.

"Hilo nalijua. Huyu mjukuu wangu nani alimpokea? Nilitaka tu nione kama utalisema." Akageukia upande wa pili. "Binti, ameshajieleza. Na wewe sema, maana sijawahi kukuamulia jambo ukakubali."

Cheche akasimama, akavuka sebule, akamshika kijana mkono mbele ya wajomba wote, kitendo ambacho shangazi alikizungumzia mwezi mzima.

"Mimi naolewa na mkunga," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani.

Shangazi akapiga vigelegele. Na kijana akalia, tena machozi kabisa, wala hakuyaficha.