Pumzi Katika Ofisi ya Chini

"Bundi, maziwa yanachemka. Uko wapi?"

"Barazani kwa Bryce. Naganda."

"Mnunuzi kaingia Duluth. Ford nyeupe, mtaa wa nyuma. Anasubiri kuletewa ufunguo."

"Nani anauleta?"

"Mgeni mmojawapo wa hiyo sherehe. Mkamate."

Redio ikanyamaza.

Wade Tollefson aliipapasa bastola yake ya Glock chini ya sweta. Kati ya nyumba zote za Minnesota, kazi ya upelelezi imemleta kwa mwanamume aliyemwoa Corinne. Corinne wake. Wa zamani, sawa, lakini wake.

Mchana kutwa Bryce alikuwa akijitapa mbele ya majirani, simu mkononi. Kila chumba kina kihisi ukutani. Watu wakijazana, hewa ukaa inapanda, feni inajiwasha na kuitoa nje.

"Hata soksi za Lonnie zinasomeka!" alisema.

"Wewe, usiniharibie soko!" Lonnie Skaar akajibu. Sebule nzima ikaangua kicheko.

Wade hakucheka. Alipokuwa naye, Corinne alikohoa kila baridi ilipoanza, na yeye alichojua ni kununua dawa. Akaja huyu na vidude vyake. Kikohozi kikaisha.

Hilo ndilo lililomchoma.

Ila vidude hivyo Bryce alivifunga pia kwenye nyumba ya siri alikofichwa Luz Ibarra, shahidi dhidi ya genge la magendo, pamoja na wanawe. Mwenye ufunguo wa mtambo angejua nani anapumua chumba gani. Wauaji wangeenda moja kwa moja kitandani kwake.

Na ufunguo huo uko kwenye kompyuta ya ofisini kwa Bryce. Chini.

Wade akaingia sebuleni. Bryce alipomwona, akashtuka kama kaona mzimu.

"Ah! Kumbe wewe... uko nje?"

"Ulidhani niko wapi?"

Bryce akaigeuza simu kifudifudi. Midomo kaibana.

Wade akamnyang'anya.

Sebule, sawa. Jiko, sawa. Ofisi ya chini, nyekundu. Inapanda.

"Nani yuko ofisini?"

"Hakuna mtu. Pamefungwa."

"Sasa nani anapumua?"

Hakungoja jibu. Ngazi akazishuka kwa kuruka. Mlango umefungwa kwa ndani. Teke moja. La pili.

Ukafunguka.

Dirisha wazi. Kompyuta inawaka. Theluji inaingia.

Wade akapenya dirishani. Mbele yake, Lonnie anakimbia kuelekea mtaa wa nyuma, flashi ya kompyuta mkononi. Anakimbia huku anarukaruka kama anakanyaga makaa.

Yuko na soksi tupu.

Huku kwetu huingii kwa mtu na buti. Hata ukija kuiba, unavua mlangoni. Mama kakulea hivyo. Buti za Lonnie zilikuwa kule mbele, kwenye lundo la wenzake.

"Lonnie, simama! Vidole vitaganda, ukatwe!"

"Na wewe una soksi, mjinga!"

Kweli. Na ya kushoto imetoboka.

Miguu ikawafa ganzi wote wawili. Lonnie akayumba, akaanguka kifudifudi kwenye theluji. Wade akamkalia mgongoni, Glock kisogoni.

"Wamekuahidi nini, Lonnie?"

"Nyumba Florida," Lonnie akalia. "Nimechoka na hii baridi, kaka!"

Redio ikakoroma. "Bundi, Ford tumeizuia. Ufunguo?"

"Ninao."

"Na Luz?"

"Mwache mama wa watu alale."

Wade na wenzake walipomrudisha Lonnie na pingu, majirani walikuwa wamejaa dirishani, kila mmoja na lake. Corinne akatokea gereji na kreti ya bia.

"Jamani, nimekosa nini?"

Wade alikuwa amemkazia macho mumewe.

"Uliiona namba inapanda, Bryce. Mbona ulinyamaza? Yule mama angekufa."

Bryce akainama. Masikio yakamwiva.

"Nilidhani ni wewe," akanong'ona. "Wewe na Corinne. Nyote hamkuonekana. Sikuthubutu kushuka."

"Bryce!" Corinne akaiacha kreti ikadondoka.

Wade akavaa buti zake taratibu, ya kulia, kisha ya kushoto. Mwenye nyumba safi, mwenye feni zinazojiwasha, mwenye Corinne. Kumbe naye hapati usingizi.

Miguu ilikuwa bado barafu, ila kifuani joto lilimpanda kama kanywa wiski.

Akafungua mlango.

"Leo hakuwa mimi kule chini," akasema.

Akatokomea kwenye theluji, anapiga mluzi.