Ngisi wa Nywele Laini

Jua lilikuwa linatua Garissa Ilwad alipotoka uani kuchota maji ya beseni. Alikuwa bado kwenye arubaini yake, na mzazi hatakiwi kuonekana nje magharibi. Lakini Ilwad na kutulia ni paka na panya. Mama mkwe wake, Maka, alimwambia apumzike, naye alipumzika mpaka mikono ikamwasha.

Kazi yake ilikuwa kufunga ngisi bandia wa kuvulia samaki. Hubana ndoana kwenye jiriwa ndogo, akazungushia uzi mweupe, akatia macho ya shanga, kisha minyiri, ile mikono mirefu ya ngisi, ambayo huifanya kwa manyoya ya mbuzi. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Ngisi alimjua kwa video za simu tu, na bado Nuh, mpwa wa Maka anayewapeleka wageni kuvua kule Malindi, aliapa kwamba hakuna fundi anayemfikia.

Alirudi chumbani, akaweka beseni chini, karibu na kitanda alicholala mwanawe Yarow. Kila ngisi mpya lazima ajaribiwe. Unamfunga kwenye uzi, unamtumbukiza, unamvuta polepole uone kama minyiri inapumua.

Huyu alipumua.

Alipumua kuliko wote aliowahi kuwafunga. Ilwad akatabasamu, akavuta tena, safari hii kwa nguvu kidogo.

Kichwa cha Yarow kikateleza kwenye mto.

Alidhani ni macho yake. Akavuta... kichwa kikafuata. Mtoto alikuwa usingizini, lakini utosi wake ulikuwa unaburutwa kuelekea kwenye beseni, taratibu, kama mbuzi anayevutwa kamba. Ilwad akaachia uzi. Kichwa kikasimama.

Harufu ikaingia chumbani. Harufu ya samaki, na ya maji mengi.

Aligusa utosi wa mwanawe. Ulikuwa umelowa. Akalamba kidole.

Chumvi.

"Hooyo," alimwita Maka kwa sauti ndogo. "Mama, njoo."

Maka aliingia na chetezo cha ubani. Alimtazama mtoto, akatazama beseni, akakiweka chetezo chini.

"Zile nywele za kunyolewa," alinong'ona. "Nilikupa uzike. Ulizika?"

Yarow alinyolewa jana asubuhi, siku yake ya saba, akachinjiwa mbuzi. Nywele za kwanza za mtoto huzikwa siku hiyo hiyo, wasioonekana wasije wakaziokota. Ilwad alizishika kiganjani, akaona zilivyo laini. Manyoya ya mbuzi yalikuwa yamemwishia. Akajiambia, ni nywele tu. Sasa alitamani ardhi immeze.

"Nimefungia ngisi," alisema.

Maka hakumgombeza, na hilo lilimtisha Ilwad kuliko matusi. "Fungua. Na utaje jina la Mungu."

Ilwad alisema bismillahi, akakata uzi kwa wembe, akachambua unywele mmoja mmoja. Maka alizipeleka uani, akazifukia. Aliporudi, Yarow alikuwa amegeuzia uso ukutani, anapumua vizuri. Ilwad akalia kwa furaha. Lakini ile harufu haikuondoka.

"Zilikuwa zote?" Maka aliuliza.

Hazikuwa zote. Kulikuwa na ngisi mwingine, na huyo aliondoka jana hiyo hiyo na basi, ndani ya boksi alilotumiwa Nuh kule Malindi.

Simu iliita sana kabla ya Nuh kupokea. Nyuma yake mawimbi yalikuwa yanavuma.

"Nuh, kuna ngisi mmoja laini kuliko wenzake. Usimtumie. Nakuomba."

"Abaayo, dada yangu, umechelewa." Nuh alikuwa anacheka. "Huyo yuko kwa maji tangu jioni. Wallahi ni kiboko."

"Basi kata mshipi."

Maka alimshika mkono. "Asikate. Akikata, nywele zitabaki huko."

"Usikate, Nuh. Mvute. Mtoe majini sasa hivi."

"Ngoja... ngoja kidogo." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kuna kitu kimemshika. Kikubwa. Lakini hakirukiruki kama samaki, abaayo. Kinavuta polepole... kama mtu."

Yarow alifumbua macho.

Ilwad alitupa simu, akamrukia mwanawe, akamkumbatia kwa mikono yote miwili na kukaza miguu kwenye mguu wa kitanda. Maka naye akamshika Ilwad kiunoni, anasoma dua. Na bado walikuwa wanasogea, wote watatu, kuelekea mlangoni.