Salamu ya Kulala

Mwaka ule simu za mkononi ndiyo kwanza zinashika kasi Manyara. Justina wa Maretadu alimkuta Hermani kwenye mnada wa Katesh, kalala chali juu ya magunia ya mahindi saa sita mchana, koti la bluu limenyooka, viatu vinang'aa.

"We kaka, pombe ya asubuhi hiyo?"

"Sijaonja, dada. Napumzisha macho niwaone warembo vizuri."

Mwongo! Lakini mwongo mwenye sauti tamu. Justina, na kitenge chake kipya cha njano, alicheka mpaka akampa namba. Miezi mitano wakapigiana kila jioni, Justina juu ya kichuguu akitafuta mtandao.

"Mpenzi, mbona unahema?" Justina aliuliza siku moja.

"Si wewe unayenikimbiza moyo!"

Siku ya kujitambulisha, Hermani alipanda kilima cha kwao Justina kwa miguu. Mzee Sulle, baba mtu, alipoingia sebuleni alimkuta mgeni kajinyoosha kwenye kochi.

"Shikamoo, mzee," alisema vilevile amelala.

Jamani! Kwa Mzee Sulle hata aliyevunjika mguu huinuka kumwamkia mkubwa. "Mlevi huyu asirudi," alisema, marahaba akabaki nayo. Justina alitamani ardhi ipasuke immeze. Akazima simu wiki tatu, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Kisha Natalia, dada yake Hermani, akaja mwenyewe.

"Yuko hospitali, kawekewa oksijeni. Homa ya ini ilimshika zamani. Ini limechakaa, sasa limeharibu na mishipa ya mapafu. Akilala anapumua. Akisimama, hewa inapungua kwenye damu. Aliona haya kukuambia, wifi."

Justina alimweleza baba yake huku analia. Mzee Sulle alichukua kofia, wakaondoka.

Wodini, Hermani alipomwona mzee alijitutumua ainuke, midomo ikabadilika rangi. Mzee akamkandamiza bega taratibu.

"Lala, mwanangu. Marahaba."

Hermani akamgeukia Justina. "Tina, daktari hajaniahidi miaka. Tafuta mzima."

"Ungeniambia mapema ningekasirika kidogo. Sasa nimekasirika sana. Unanioa, hunioi?"

"Nitakuoaje? Mbele ya altare watu hawalali."

Mzee Sulle alivaa kofia yake, akaelekea mlangoni.

"Padri nitaongea naye mimi," alisema. "Ninyi chagueni tarehe. Na iwe ya karibu."