Kimya cha Chumba cha Blanketi

Ulisoma mistari miwili gazetini, fundi sauti auawa studioni, ukakimbilia ukurasa wa mpira. Usikatae. Ndivyo ulivyogeuza uso hata mtaa wa chini ulipoteketezwa na watu wakiwa ndani. Basi leo kaa usikilize.

Maiti ilikuwa sakafuni, ndani ya chumba cha kurekodia, waya wa maikrofoni umezunguka shingo. Kuta zilikuwa zimefunikwa blanketi kuukuu za kumeza mwangwi. Pembeni, juu ya stendi, kinasa sauti kidogo kiliwaka taa nyekundu. Inspekta alipouliza nani aliyemkuta, sauti yake ilififia kabla haijafika mlangoni. Alijihisi kama mtu anayezungumza ndani ya kaburi.

"Mimi," alijibu dada wa marehemu. Studio ilikuwa yao wawili. "Nilidhani amelala. Huwa analala humu, huyu..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

Mlango haukuvunjwa. Daktari wa polisi alisema fundi alinyongwa jioni, kutoka nyuma, na mtu aliyemzidi kimo. Ufunguo mwingine alikuwa nao mtu mmoja tu: mhadhiri wa historia, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye chuo chake kilishirikiana na studio hiyo katika utafiti. Chuo kilileta maswali na jina kubwa. Studio ikaleta vinasa na masikio. Pamoja waliwarekodi walionusurika moto wa mtaa wa chini, ili sauti zao zisikike kwenye maonyesho ukumbini.

Dada alikagua kompyuta. Rekodi zote zilikuwepo isipokuwa moja, ya bibi mshona nguo, ambaye alizungumza kisha akafariki. Ilikuwa imefutwa pamoja na nakala yake.

"Alisema nini huyo bibi?"

"Sijui, afande. Kaka alinikataza kusikiliza mpaka amalize kuisafisha. Alisema nitakosa usingizi. Nilimshika bibi mkono pale mlangoni nikamwahidi watu watamsikia. Sasa nitamtoa wapi?"

Mhadhiri aliitwa. Alitoa pole ndefu, akamwita yule dada "mdogo wangu".

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nikisahihisha mitihani."

"Shahidi?"

"Mitihani yenyewe." Alicheka peke yake.

Inspekta alikuwa bado anaitazama ile taa nyekundu. Alimuuliza dada kinasa kile ni cha nini. Akaelezwa kwamba kila chumba kina kimya chake, na fundi hukirekodi kabla ya kuisafisha kazi, ili akikata kikohozi apachike kimya cha chumba kilekile. Wakati huo hazungumzi na mtu hata nyumba ikiungua. Mhadhiri hakuwahi kukaa akaona. Kila walipofika hapo alitoka nje kupiga simu.

Wakakisikiliza wote watatu.

Kwanza hapakuwa na kitu, ila pumzi ya mtu ambaye sasa hakuwa na pumzi. Mlango ukafunguka. Sauti ya mhadhiri ikasihi kipande fulani kikatwe. Hakujibiwa. Akasihi tena. Kisha akasema, "Nimekuja nacho kwenye simu. Kata kuanzia hapa." Ndipo sauti ya bibi ikaingia chumbani, nyembamba, ya kukwaruza:

"Aliyewasha moto namjua. Ni msimamizi wa mtaa, baba yako wewe unayeniuliza."

Kiti kikaanguka. Miguu ikakwaruza sakafu. Kisha kimya kirefu mno, hata inspekta akaisogeza rekodi mbele. Mwishoni ikasikika sauti ya dada mwenyewe, ya asubuhi ile: "Amka, mvivu wewe."

Dada akageukia ukuta, akashika blanketi kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" aliuliza inspekta.

Mhadhiri hakucheka tena. "Ukumbi wa maonyesho una jina la baba. Sauti ile ingesikika chini ya jina lile. Nilimsihi kijana. Akaweka kidole mdomoni mwake, akafumba macho. Nikaona ananidharau."

"Alikuwa anarekodi kimya," alisema dada, bila kugeuka. "Ungengoja kidogo tu angekujibu. Miaka yote hii umekuja kwetu, hukujua hata hilo?"

Pingu zikalia. Blanketi zikaumeza mlio wake.

Unadhani yameisha? Chuo kimeahirisha maonyesho, eti kwa heshima ya marehemu. Ukumbi umefungwa, na jina la mchoma watu bado liko juu ya mlango. Maneno yale machache ndiyo yote yaliyobaki ya bibi, na dada amesimama nayo nje ya ukumbi na spika yake sasa hivi, peke yake, huku walinzi wakimwambia aondoke.

Usimtumie salamu za pole. Vaa viatu. Nenda usimame naye mpaka mlango ufunguliwe na jina lile lishushwe.