Pini ya Sita

Nosrat alitengeneza pini tano. Hilo alikuwa na uhakika nalo, maana kila moja ilimla mchana mzima: kipande cha shaba kilichochunwa kwenye waya wa simu, chembamba kama unywele, na utepe mwekundu wa karatasi ulionatishwa kwa ncha ya sindano. Aliziacha ndani ya kifuniko cha chupa. Kesho yake aliposhuka ngazi thelathini na moja za shavadun, chumba cha chini ya ardhi ambamo watu wa mji wa Dezful, Iran, hujificha na joto la adhuhuri, alizikuta tano zimetulia palepale, na ya sita imechomekwa kwenye kiti cha rubani cha ndege yake ya mfano.

Akaichomoa kwa kibano, akaitupa kwenye kisahani cha majivu. Alikuwa na miaka sitini na saba, mgongo mbovu, na macho yaliyotoa machozi akinusa rangi. Siku hizi kila kitu alikisingizia uzee, na hiki nacho akakisingizia uzee.

Ndege yenyewe ilikuwa F-5, jeti ya kivita ya mtu mmoja, ya plastiki, urefu wake dhiraa. Ilikuwa imemchukua miezi saba. Alichonga ribiti za mabawa moja moja kwa sindano, akakata mikanda ya kiti kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za chai, akapaka rangi tatu za jangwani na kuzifubaza kwa msasa hadi zikaonekana zimepigwa jua. Namba ya mkiani ilikuwa ya ndege ya Luteni Iraj, ambayo Nosrat, akiwa fundi wa jeshi, aliihudumia kwa mikono yake wakati wa vita na Iraq, mpaka asubuhi iliyoruka isirudi.

Aliyeiagiza alikuwa Bi Mahin, mke wa Luteni. Mwili haukupatikana. Mateka walipoachiliwa, alisimama mpakani siku kumi na tisa, picha ya mumewe ikining'inia shingoni, akiwauliza vijana waliokonda kama walimwona.

"Kioo cha rubani kiwe wazi na kiti kiwe kitupu," alimwambia Nosrat. "Iraj alitoka, ndugu yangu. Nataka mtu akiitazama ajue alitoka."

"Sawa, Bi Mahin," Nosrat alijibu, akaisogeza chai yake kando.

Siku ya tatu pini ilikuwa imerudi kitini, na kioo alichokinatisha kikiwa wazi kilikuwa kimefungwa. Chumba kilinuka mafuta ya ndege yaliyoungua. Mkewe, Batul, alishuka ngazi tano tu akasimama, mtandio puani.

"Baba Kamran, unapika nini huko na huyo mke mwenzangu wa plastiki?"

"Rangi tu."

"Rangi gani inanuka hivi? Hii ni harufu ya uwanja wa ndege. Ulikuwa ukirudi nayo nguoni." Akashusha sauti. "Wametuingilia wale wabora wetu?"

Watu wa mji ule hawawataji majini kwa jina. Nosrat akamwambia apande juu akapumzike.

Mchana uliofuata aliketi mezani, feni ikizunguka kivivu, mji mzima juu yake umelala, akasikia kucha ikigonga kioo. Tik. Tik. Alidhani ni feni, akaizima. Tik, ikaendelea, nayo ilitoka ndani ya kile kioo kidogo kisichozidi kidole gumba, na alipoinama kuchungulia kioo kilikuwa kimeingia ukungu kwa ndani, ukungu wa pumzi, ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, kisha sauti iliyofuata haikutoka ndegeni bali nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, sauti ya kijana mwenye haraka, aliyojaribu kuisahau kwa miaka thelathini na tisa, ikisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Nosrat, nionyeshe."

Alijua anachotakiwa aonyeshe. Kabla ndege haijaondoka, fundi huchomoa pini zote za usalama zenye utepe mwekundu, akaziinua juu, rubani azihesabu. Pini ya kiti ikibaki, kiti hakimrushi rubani nje ndege ikianguka, hata avute mpini namna gani. Asubuhi ile ving'ora vilikuwa vikilia. Nosrat aliinua fungu lote kwa pupa, na Iraj, kwa kumwamini, akatikisa kichwa bila kuhesabu. Jioni Nosrat alizimwaga mezani. Zilikuwa tano badala ya sita, na iliyokosekana ilikuwa ya kiti. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakuwahi kulala akaamka hana uchovu.

Batul ndiye aliyemleta Seyyed Nemat, mwandika dua. Mzee alizitazama zile ngazi, akalitazama goti lake, akaketi mlangoni.

"Mimi huko sishuki. Niletee hicho kitu."

Ilipoletwa ndege, akaigusa, akauondoa mkono haraka. Aliandika dua kwa zafarani, akaikunja, akaifunga kwenye bawa. Papo hapo, mchana kweupe, wote watatu wakasikia: tik, tik. Mzee akakusanya kalamu zake.

"Huyu hafukuziki. Wale wengine nawajua, wanataka damu, wanataka uvumba. Huyu anadai haki yake. Umemjengea mahali pake, ribiti kwa ribiti, akarudi akaketi. Unajua anachotaka?"

"Najua."

"Basi mpe, mwanangu. Mimi nimechoka, na wewe umechoka kunizidi."

Nosrat alimwogopa huyo aliyerudi, lakini alimwogopa Bi Mahin zaidi. Yule mama alikuwa akiishi kwa neno moja tu, alitoka, na yeye Nosrat ndiye angemnyang'anya neno hilo. Siku mbili alijikaza. Ya tatu alipiga moyo konde akamwita. Bi Mahin alizishuka ngazi zote bila kushika ukuta, akaketi mbele ya ndege, na Nosrat akamweleza yote, akitazama sakafu.

Alipomaliza, Bi Mahin aliinama akaitazama pini kitini.

"Kwa hiyo alivuta," Bi Mahin alisema.

"Nadhani alivuta."

"Na kikakataa."

"Ndiyo."

Kile kioo kikagongwa. Bi Mahin hakushtuka. Alikiangalia, kisha akamgeukia Nosrat kwa hasira ambayo Nosrat aliona anaistahili.

"Mimi nimekaa naangalia mlango, nimezeeka naangalia mlango, kumbe ulikuwa naye wewe, hapa shimoni."

"Nisamehe, Bi Mahin."

"Sijui. Usiniulize leo."

Akakibandua kioo kwa kucha zake. Akashika utepe mwekundu, akavuta pini ikatoka, akaiweka kwenye kiganja cha Nosrat na kumfumba vidole. Kisha akaibeba ndege kifuani.

"Iraj," alisema, akianza kupanda. "Twende nyumbani."

Harufu ilimfuata ngazi kwa ngazi mpaka ikaisha. Mchana ule Nosrat alilala saa nne mfululizo, na alipoamka alijiona mwepesi hata akaona haya.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Batul alirudi kutoka kwa mwoka mikate, akaweka mkate mezani asiukate.

"Nimepanga foleni na Bi Mahin," alisema. "Unajua miaka yote ananunua miwili, wake na wa Luteni. Ule wa pili unakauka, anawarushia njiwa."

"Leo kanunua mmoja?" Nosrat aliuliza.

"Leo kanunua mitatu. Nikamwambia, kumbe una wageni. Akacheka, Baba Kamran. Akasema njiwa hawapati kitu siku hizi, Iraj anaumaliza wake wote na bado anaulizia mwingine."