Baba Yake Alimzika Nekesa Angali Hai

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nauza mitumba sokoni Kitale, na kama unatafuta kitu cha kukuchekesha, fungua ukurasa mwingine. Haya yangu yamenikausha machozi…

Nekesa ni mtoto wangu wa pekee. Alifika miaka mitatu bila kuniita mama. Ukimwita hageuki, ukimkumbatia anapiga kelele, lakini mvua ikigonga mabati anacheka peke yake. Daktari mmoja wa Eldoret alitaja jina la Kiingereza, otizim, akaniambia nizoee. Kwa mume wangu Wafula, kule Kabuchai, walisema ni laana ya upande wangu. Upande wangu! Kana kwamba nilimbeba nikaja naye kutoka kwetu Sirisia.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nikasikia kuna darasa maalumu katika shule moja ya Kitale. Nekesa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado nilimlisha. Mwalimu Rosa hakuanza na kusoma. Alianza na kijiko! Aliushika mkono wa Nekesa wote, baadaye kifundo tu, baadaye kiwiko, kisha akakaa nyuma yake bila kumgusa.

"Mama Nekesa, kazi yangu ni kujiondoa," aliniambia. "Siku asiponihitaji ndiyo nitajua nimefundisha."

Wasomaji wenzangu, mtoto akala mwenyewe! Akaoga mwenyewe. Akafua sare yake, akapika chai, tena nzito kuliko yangu. Mwaka uliofuata tukamfundisha kurudi nyumbani. Nilimfuata nyuma muhula mzima nikijificha kama mwizi, watu wakinicheka. Alama yake ilikuwa moja: akifika duka la vitambaa la Kalasinga, lenye milango ya kijani, anakata kushoto. Siku alipoingia uani peke yake, nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa furaha.

Kumbe furaha yangu ilikuwa ya muda!

Kampuni moja ya sabuni ilikuja kupaka duka la Kalasinga rangi ya tangazo lake, bure. Asubuhi Nekesa alipita milango ikiwa ya kijani. Jioni ilikuwa myekundu tupu. Mji mzima ulisifu. Mwanangu akafika pale, hakuona kijani chake, akaendelea mbele…

Umewahi kuzunguka mji ukiita jina la mtoto ambaye unajua haitiki? Nilimwita hadi sauti ikakatika. Kalasinga mwenyewe alifunga duka akatafuta pamoja nami, akijilaumu kama baba. Kesho yake tulimpata mbali, mji wa Moi's Bridge, ameketi juu ya magunia ya mahindi, miguu imevimba. Mama mmoja muuza mahindi alikuwa amemhifadhi.

"Dada, huyu msichana hasemi," aliniambia, "lakini nilimpa chai, akasuuza kikombe akanirudishia."

Nilimshukuru Mungu. Lakini Wafula, aliyekuwa karani mjini Bungoma na kuja nyumbani mwisho wa wiki, hakuona kikombe. Aliona aibu tu. "Umeona sasa? Ati ajitegemee! Si ungemuua tu tujue moja?" Siku ya soko nilitoka asubuhi kuuza nguo. Niliporudi, kitanda cha Nekesa kilikuwa kitupu. Baba yake alikuwa amempeleka kwa mama yake Kabuchai.

Nilimfuata mbio. Nikapiga magoti, nikalia, wakakataa. Baada ya majuma kadhaa nikarudi Kitale kumwomba Mwalimu Rosa aje anitetee. Aliponiona mlangoni mwa darasa, alinishika mabega akalia.

"Mama Nekesa, pole… Mbona hukutuambia mazishi ni lini?"

"Mazishi ya nani, Mwalimu?"

Loo! Wafula alikuwa amepita shuleni na kusema mtoto amekufa. Watoto wa darasa lile walikuwa wamemwimbia wimbo wa kumuaga, na nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine. Mtoto wangu mzima, anayepumua! Mwanamume gani anamzika damu yake kwa mdomo ili asiulizwe tena?

Mwalimu Rosa alikuja nami Kabuchai. Wafula akamjibu mbele ya ndugu zake kwamba mtoto ni wa ukoo, si wa shule, akamwonyesha njia. Haikupita muda Mwalimu akahamishiwa mbali, na lile darasa likafa.

Nilibaki Kabuchai, ningemwacha vipi? Na niseme haki, mama mkwe alimpenda Nekesa. Hapo ndipo uchungu ulipo! Alimlisha, alimwogesha, alimvisha. Nikimtia Nekesa kijiko mkononi, bibi yake anakichukua. "Mama Nekesa, huna huruma? Mtoto wa Mungu huyu hafanyi kazi." Wakienda kwenye miwa wote, wanamfungia kwa nje. Nikitoka sokoni, nilizoea kumkuta amejikunyata sakafuni, amejichafua. Polepole chai ikamtoka, sabuni ikamtoka, na mwisho hata kijiko.

Sasa mama mkwe amefariki. Wafula ameoa mwingine, akanirudishia Nekesa kama gunia lililooza. Nimerudi Kitale naye, mwanamke mzima wa zaidi ya miaka ishirini. Najaribu kuanza upya, ila mikono ya mtu mzima ni mizito, nami nimechoka, jamani nimechoka…

Juzi malaria iliniangusha. Nilimwekea ugali na mboga mbele yake nikajilaza, nikapotewa na fahamu hadi jioni. Nilipoamka, alikuwa ameketi palepale. Chakula kilikuwa mbele yake, kimekauka. Hakuwa amekigusa. Alikuwa ananingoja nije nimnyanyulie mkono. Je, siku nisipoamka?

Wazazi wenzangu, nawasihi kwa magoti. Mkiwa na mtoto kama wangu, msimwonee huruma ya kumkata mikono. Msimfiche ili majirani wasiulize. Mwacheni amwage chai, aivae sare kinyume. Na akipotea, mtafuteni, mlilieni, mkimpata mpumzisheni. Kisha kesho yake mrudisheni njiani.