Nakuamini, Chapa Tu

Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango wa duka la uchapaji. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kukabidhi tasnifu, na kila mwanafunzi alikuwa ameshika flashi mkononi kana kwamba ameshika roho yake. Msichana mmoja aliipita foleni yote. Alivaa gauni la kitani la rangi ya haradali na raba nyeupe, nywele amezibana juu kwa penseli. Alilaza karatasi mbele ya fundi.

"Kaka, hii ni nyekundu?"

Fundi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, ovaroli ya buluu imempwaya, kucha nyeusi hadi ndani. Dada yake, mwenye duka, alimwita Wino, na mtaa mzima ukamwita hivyo.

"Ni nyekundu, dada yangu."

"Nimekuletea nyekundu, umenipa rangi ya matofali."

"Kioo cha kompyuta kina mwanga nyuma yake. Karatasi haina. Ulitaka nikuchapie taa?"

Foleni ikacheka. Msichana akanyoosha shingo. "Nasomea mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya usanifu wa michoro. Mambo ya rangi nayajua."

"Sasa Profesa, kama unayajua, mbona umekuja kunigombeza?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Wino akavuta kiti, akamwambia akae, akamwonyesha jinsi ya kuipunguza buluu kidogo kwenye faili ili nyekundu itulie. Walijaribu mara nne. Ya tano ilitoka nyekundu kweli. Profesa aliondoka akiwa na karatasi tano na namba moja ya simu, na dada mtu akamwangalia mdogo wake kwa jicho la pembeni.

"Karatasi nne za bure, Wino?"

"Za majaribio, dada."

"Majaribio ya rangi au ya nini?"

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Wino alipiga asubuhi, alipiga mchana, alipiga mashine ikiwa inanguruma nyuma yake.

"Umekula, Profesa wangu?"

"Umeniuliza saa mbili zilizopita."

"Saa mbili ni nyingi. Mtu anaweza kushiba na kuona njaa tena."

"Wewe huna kazi?"

"Ninayo. Nimekuweka spika, mikono iko kazini."

Lakini hakumwandikia ujumbe hata mara moja. Profesa aliandika, yeye akajibu kwa kupiga. Profesa alidhani ni mtindo wake, akaupenda. Ukweli ulikuwa mwingine. Wino aliacha shule darasa la sita. Maneno ya watu aliyachapa kutwa nzima bila wasiwasi, kwa kuwa yalikuwa ya watu. Ya kwake mwenyewe aliyaogopa. Alihofia kumwandikia mwanamke wa shahada ya pili sentensi yenye makosa, kisha amkute anatabasamu.

Profesa naye alikuwa na lake. Wenzake darasani walipomuuliza mpenzi wake anafanya nini, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya uchapaji," kisha akauliza habari ya mtihani.

Mama yake Wino alikuwa akisumbuliwa na miguu. Siku moja Wino alibanwa na kazi, Profesa akampeleka mama hospitali. Alimwacha kwenye benchi akaenda kuchukua kadi. Aliporudi benchi lilikuwa tupu. Alimtafuta dakika arobaini, akamkuta wodi ya wazazi, ameketi katikati ya wajawazito, anacheka.

"Nilitafuta maabara, mwanangu. Mimi na kusoma wapi na wapi. Nikafuata watu, watu wakanileta kujifungua."

Profesa alicheka naye, lakini usingizi wa siku ile haukuja vizuri. Wiki iliyofuata aliitupa mada yake ya utafiti, akaanza nyingine: alama za kumwongoza hospitalini mtu asiyejua kusoma. Kidonge, tone la damu, mfupa, mshale, rangi ya kufuata ukutani. Hakuna neno hata moja. Alizijaribu kwa wagonjwa sitini, akafuta, akachora upya, mpaka mama yake Wino alipoweza kutoka getini hadi maabara peke yake bila kumuuliza mtu.

"Usimwambie mwanao," Profesa alimwomba. "Ataona siku ya maonyesho."

"Mimi kwani nina mdomo?" mama akajibu.

Siku moja kabla ya maonyesho Profesa alimletea Wino faili la mabango kumi na mawili, akambusu shavuni mbele ya wateja, akakimbilia kikao na msimamizi wake.

"Ni ya nini haya?" Wino aliuliza.

"Kesho utajua, mpenzi. Vaa shati zuri."

Wino alifungua faili. Akaona kidonge, mshale, na nafasi nyeupe. Akaona tone la damu, mshale, na nafasi nyeupe. Kila fundi wa uchapaji ameshayaona haya: faili likitoka kwenye kompyuta yenye aina fulani ya herufi, likafunguliwa kwenye kompyuta isiyo nazo, maneno hupotea. Picha hubaki, maneno huyeyuka, na mteja huja kupiga kelele wakati kazi imeshachapwa. Kwa miaka kumi na miwili Wino hakuwahi kuachia kazi iliyopoteza maneno yake, na hakukusudia kuanza na ya huyu.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga mara saba. Mwishowe ukaingia ujumbe: "Niko kwenye kikao mpenzi. Nakuamini, chapa tu."

Profesa alidhani anaulizwa kama amekula.

Wino alifungua sehemu ya kujibu. Aliandika "Maneno", akafuta. Aliandika "Maneno hayaonekani", akatazama kama ameyaandika sawasawa, akaona haya, akafuta tena. Akamwita dada yake.

"Dada, hiki kidonge hapa, watakuwa wameandika nini?"

"Dawa. Kuna nini kingine?"

"Na hili tone?"

"Maabara. Muulize mwenyewe basi."

"Yuko kikaoni. Ameniambia ananiamini."

Alifanya kazi kutwa. Alichagua herufi nene, za mviringo, zinazosomeka kwa mbali. Alipanga kila neno katikati ya nafasi yake kwa rula. DAWA. MAABARA. MIFUPA. WAZAZI. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Akayachapa mabango, akayabandika juu ya mbao kwa gundi isiyobanduka, akayafunga kwa karatasi.

Asubuhi aliyafikisha ukumbini, wahudumu wakayatundika. Profesa alikuwa chumba cha pili akifunga vifungo vya blauzi yake nyeupe ya hariri. Alipoingia ukumbini aliingia pamoja na jopo: msimamizi wake, mkuu wa idara, na mtahini wa nje aliyesafiri kutoka mbali. Idara ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na kila mtu alijua ni ya nani.

Mtahini wa nje alisoma kichwa cha utafiti kwenye karatasi yake: alama zisizotumia maneno. Akatazama ukuta. Akatazama karatasi tena.

"Sasa binti, mbona ninasoma?"

Profesa alitazama ukuta wake. Katikati ya kila nafasi nyeupe palikuwa na neno. Wino alikuwa amesimama kando ya bango la kwanza, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, anatabasamu akisubiri kusifiwa.

"Nani kafanya hivi?" mkuu wa idara aliuliza.

"Ni yule," Profesa alisema, akamnyooshea kidole. "Ni fundi wa mashine tu. Hakusoma. Hajui anachokiona."

Tabasamu la Wino halikuondoka mara moja. Lilibaki pale muda kidogo, halina kazi. Kisha akageuka. Karibu na mlango palikuwa na ubao wa maelezo, chuo kilikuwa kimeuchapa chenyewe. Akausoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. Utafiti huu, uliandikwa, ulianza siku mama wa mtu ninayempenda alipopotea hospitalini kwa sababu hajui kusoma.

Akausoma mara mbili, akatoka.

Profesa alipewa miezi minne arudie maonyesho. Alichapisha kwingine, akafaulu. Nafasi ya idara ikaenda kwa mwenzake. Siku za kwanza alisubiri Wino apige kuomba radhi kwa kazi aliyomharibia. Wino alisubiri aombwe radhi kwa neno aliloambiwa mbele ya watu. Profesa alipopiga mara moja, Wino hakupokea. Hakurudia. Ukapita mwaka, na watu wawili waliokuwa wakizungumza mara kumi kwa siku hawakuwa na salamu.

Mwisho Profesa alikwenda dukani. Dada mtu alikuwa peke yake nyuma ya kaunta.

"Wifi," alisema, kisha akajisahihisha. "Karibu, mama."

"Yuko wapi?"

"Kiwanda cha magazeti, upande wa pili wa mji. Aliondoka kwa sababu kila aliyeingia hapa na flashi alimkumbusha mtu."

Walikutana kwenye mgahawa wa kiwanda, saa ya mapumziko. Wino alikonda kidogo. Profesa hakugusa chai.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuaibisha."

"Nimeshakusamehe, tena zamani."

"Basi turudiane. Mama yako anikatae, watu wako wanitukane, nitavumilia."

Wino alitazama mikono yake. "Lile neno halikutokana na hasira tu. Ulikuwa nalo. Hasira ililitoa nje."

Profesa alifungua mdomo akanushe. Akawakumbuka wenzake darasani na jibu alilokuwa akiwapa. Akaufunga.

"Na mimi nilikuwa na langu," Wino akaendelea. "Siku ile ilitosha nikuandikie maneno mawili. Niliyaandika, nikayafuta. Niliona aibu usije ukaona nimekosea."

"Ningeona nini mimi? Ningepiga mbio hadi dukani!"

"Najua sasa. Lakini nilikuwa nakupenda huku nakuogopa. Na wewe ulikuwa unanipenda huku unanionea haya. Tungeoana hivyo, Profesa, tungekaa miaka mingapi?"

"Tungejifunza."

"Labda. Mwaka ule labda tungeweza." Akasogeza kikombe pembeni. "Leo nikikuona na wasomi wenzako, nitakuwa nasubiri kidole."

Kengele ya kiwanda ililia. Wafanyakazi wakaanza kuinuka, viti vikikwaruza sakafu. Wino naye akasimama, akajifuta viganja kwenye ovaroli, akamnyooshea mkono wa kuagana, kama anavyompa mteja.

Profesa aliutazama. Miezi yote waliyokuwa pamoja, hawakuwahi hata siku moja kupeana mkono. Akaupokea.